Dumu la Njano

Mume wangu Mhina alipakia mbolea miaka kumi na minne
kiwandani, kabla geti halijafungwa na kutu.
Alirudi na unga mweupe kwenye nyusi,
nikamkung'uta mlangoni kama mkeka.
Kiwanda kilipokufa hakulia.
Aliniuliza tu, siku moja, akitoka msalani:
"Mwanasha, unajua tunamwaga nini?"

Nilidhani ni mkojo.

"Naitrojeni," akasema, akilitamka
kama mtu anayemtaja shemeji aliyetajirika.
"Ileile ya kwenye magunia. Ileile ya bei."

Basi likaja dumu la njano, zamani la mafuta ya kula,
likakaa nyuma ya nyumba, hapa Makorora, chini ya mpapai.
Kando yake biwi: machicha ya nazi, maganda ya ndizi,
majani ya mkungu, maranda ya kwa fundi Kidee.
"Hivi vikavu vina njaa," alisema.
"Ukivinyima, vitakaa mwaka mzima vikikutazama."
Alimimina kama ninavyotia tui la pili:
kidogo, funika, ngoja.

Mimi nilikuwa na vita vyangu. Najisi ni najisi.
Nikafunga kamba ya mkonge toka mpapai hadi ukutani.
Huku kanga zangu na ndoo ya udhu;
kule yeye na elimu yake.
Ndala za kule hazikuvuka.

Bi Mwanjaa akapaza sauti juu ya ukuta:
"Mbona kwenu leo kama stendi?"
Mhina akaongeza maranda. Harufu, alisema, ni mali inayotoroka.
Kesho yake hapakunuka kitu
ila udongo, kama vuli imenyesha kwetu peke yetu.

Kisha Twaibu, mjukuu, miaka saba,
godoro lake likianikwa kila asubuhi mbele ya macho ya mtaa.
Babu alimwita nyuma, akampa dumu lake mwenyewe,
dogo, la bluu. "Kabla ya kulala. Biwi linakusubiri."
Hakuacha usiku ule. Wala mwezi ule.
Ila akilowesha kitanda alikuja kutuambia,
"Bibi, nimepoteza mbolea,"
nami nikageukia ukuta nisicheke.

Mwezi wa Rajabu walikuja sisimizi.
Msururu mwembamba kama uzi wa kushonea kofia
ulishuka ukutani, ukalipita dumu la Twaibu
bila hata kusimama kusalimia,
ukaenda kwenye la njano, ukazunguka shingo.
Nilifuta. Wakarudi. Nikamwaga maji ya moto. Wakarudi.
Mhina akachekelea: hata wadudu wanajua chenye thamani.

Mimi sikucheka.
Mama yangu alikufa akilia kiu,
na chooni kwake niliuona mstari huu huu.

Bombo walimtoboa kidole. Kumi na tisa.
Daktari, kijana wa watu, akauliza tulishtukaje.
Mhina alitazama viatu vyake.
Nikasema: sisimizi.
Akaandika kitu kingine.

Sasa ni vidonge asubuhi na jioni, chai bila sukari,
na dumu la njano amelistaafisha.
Hataki, anasema, bamia zinywe dawa zake.
Kazi imebaki kwa Twaibu
na, usiku mtaa ukilala, kwangu.
Ndiyo. Navaa ndala za kule, navuka kamba.

Alfajiri anageuza biwi kwa koleo, mvuke unapanda.
"Weka mkono," ananiambia. Naweka.
Lina joto kama mtoto aliyetoka usingizini.
Kisha nakimbilia ndoo, nanawa, nanawa tena, natawadha,
na yaliyobaki Mola anayajua.

Jana Bi Mwanjaa ameomba bamia, kilo nzima.
Anauliza tunatia mbolea gani.
Nimemwambia azioshe vizuri.